Mraba Mdogo Juu ya Chupa ya Chanjo

Maziwa yakiharibika hunuka, na nyama ikioza huonekana. Chanjo iliyoharibiwa na joto haina dalili hiyo. Mama atatoka Sepuka au Mgori na mtoto mgongoni, mtoto atachomwa sindano, kadi ya kliniki itaandikwa, na mama atarudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa, kumbe sivyo.

Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi hadi zinapomfikia mtoto. Sasa fikiria safari yake: Dar es Salaam, Singida mjini, kisha Manyoni, Iramba au Mkalama, na mwisho ndani ya sanduku juu ya pikipiki hadi zahanati ya kijiji. Jokofu likizimika popote hapo, nani atajua?

Ndiyo maana tangu mwaka 1996, kwa kuanzia na chanjo ya matone ya polio, chupa zilianza kubandikwa alama ndogo ambayo wahudumu wa afya huiita VVM. Ni duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa umefifia kuliko duara, na tarehe ya mwisho haijapita, chanjo hutumika. Rangi yake ikilingana na ya duara au kuizidi, chupa hutupwa.

Mraba huo hauna mashine wala betri. Umepakwa kemikali ambayo molekuli zake zimepangwa bega kwa bega, kila moja peke yake, na zikiwa hivyo hazina rangi. Joto huzifanya zishikane moja baada ya nyingine, mithili ya shanga zinazotungwa kwenye uzi. Mnyororo huo wataalamu huuita polima, nao ndio wenye rangi. Joto likizidi, kazi ya kutunga huenda kasi. Likipungua huenda polepole, lakini shanga hazitunguki tena. Jokofu likizimika Jumamosi na kuwashwa Jumatatu, mraba umekwisha kuweka kumbukumbu. Kwa chanjo ya matone ya polio, ambayo ni dhaifu mbele ya joto, alama hufika mwisho baada ya siku 2 kwenye nyuzi 37. Kwa chanjo zinazostahimili zaidi, hufika siku 30.

Je, tatizo limekwisha? La hasha! Alama hiyo hupima joto tu, na ziko chanjo zinazouawa na barafu. Chukua ile ya sindano inayokinga magonjwa matano, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2009. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno za chumvi ya alumini zinazoelea majini, na chanjo yenyewe imeng'ang'ania juu ya chembe hizo. Maji yakiganda, barafu huzisukuma zikabanana mafungu mafungu, na hata ikiyeyuka haziachani tena. Mraba utabaki umefifia vile vile, ilhali chanjo imekufa.

Mtu atauliza: Singida na jua lake, barafu itoke wapi? Hutoka katika juhudi zile zile za kupambana na jua. Pakiti za barafu zikitolewa kwenye friza na kutiwa sandukuni papo hapo, chupa zinazozigusa zinaweza kuganda njiani. Inatakiwa zikae nje kwanza, mpaka zikitikiswa maji yasikike ndani.

Chupa ikishukiwa kuganda, mhudumu huchukua nyingine ya aina na toleo lile lile, akaigandisha kwa makusudi mpaka iwe jiwe, akaiacha iyeyuke. Kisha huzitikisa zote mbili na kuziweka mezani. Ile aliyoigandisha huweka mashapo upesi. Inayoshukiwa nayo ikituama upesi vile vile, haifai kuchomwa mtoto.

Mzazi anaweza kuomba aonyeshwe mraba kabla ya sindano, na muuguzi anayeijua kazi yake hatachukia. Lakini barafu mzazi hawezi kuiona. Hiyo imebaki kwa wanaosimamia zahanati: halmashauri inaponunua majokofu, ihakikishe pia kila zahanati ina mtu aliyefundishwa kuandaa pakiti za barafu na kutikisa chupa. Mafunzo hayo ni ya muda mfupi, na bila hayo jokofu jipya linaweza kuharibu chanjo lililonunuliwa kuilinda.