Si kila "URGENT" ni ya kukimbia

Ndugu wazazi na viongozi wa familia zilizohama,

Hapa Base ya Kamina, jeneta ikiwashwa jioni, watu wengi hukusanyika mbele ya televisheni moja. Siku moja mstari mwekundu wenye neno "URGENT" ulipita chini ya picha. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliinuka kwenda kufunga mizigo. Hasomi Kifaransa, lakini neno hilo analijua, kwa sababu alishakimbia mara mbili. Kumbe habari yenyewe ilihusu mawaziri wapya huko Kinshasa!

Kwa nini neno hili linatumiwa sana?

Zamani mashirika ya habari yalitumia teleprinta, na kengele ililia mara nyingi zaidi kadiri habari ilivyokuwa nzito. Leo televisheni za saa 24 zinashindana kupata watazamaji, na alama ya haraka huvuta macho. Mwezi wa Juni 2022, mkuu wa CNN wakati huo, Chris Licht, aliwaambia waandishi wake kwamba alama hiyo imetumiwa kupita kiasi hata imepoteza nguvu.

Hatari zake ni zipi?

Kwanza, hofu: familia huacha shamba na masomo bila sababu. Pili, mazoea: siku ya hatari ya kweli, hakuna anayeinuka. Ngoma ivumayo sana hupasuka. Tatu, chuki: mwenye haraka haulizi, na kabila lingine hulaumiwa kabla ukweli haujajulikana.

Onyo la kweli likoje?

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa Kivu ya Kaskazini aliamuru watu wa mitaa 10 ya Goma waondoke kuelekea Sake. Kila mtu aliweza kujua nani anasema, nani aondoke, na aende wapi.

Tufanye nini?

Kabla ya kufunga mizigo, tuulize: Jambo limetokea wapi? Lini? Nani amelisema? Sisi tunaombwa kufanya nini? Majibu yakikosekana, tusikilize redio nyingine na tumwulize chefu wa mtaa kabla ya kumpasha jirani.

Nanyi viongozi, chagueni kijana mmoja wa kusoma mstari ule kwa sauti, kwa Kiswahili, kila jioni. Mama yule angekuwa na mtu wa kumsomea, asingelala usiku ule akiwa amevaa viatu.