Nyota Hutetemeka, na Mtetemo Wake Hupima Sayari

Tangu mwaka 2023, nyota moja iliyo umbali wa miaka-nuru 48 hivi ina jina la Kimaa: Orkaria, udongo mwekundu. Sayari yake ni Enaiposha, maji mengi. Wakenya waliyapendekeza majina hayo, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukayakubali, na kwa wenyeji wengi wa Kajiado ni maneno ya nyumbani.

Enaiposha iligunduliwa mwaka 2009. Kila saa 38 hupita mbele ya Orkaria na kupunguza mwanga wake kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Upungufu huo unaonyesha tu ukubwa wa sayari ukilinganishwa na wa nyota. Ukikosea ukubwa wa nyota, umekosea na wa sayari.

Kwa nyota zinazofanana na Jua, dawa ni mitetemo. Gesi inayochemka chini ya uso huzua mawimbi ya sauti yanayosafiri hadi ndani kabisa. Sauti yenyewe haivuki anga tupu, lakini uso hupanda na kushuka, na mwanga hubadilika kwa sehemu chache katika milioni. Jua hutetemeka kila dakika 5 hivi; nyota kubwa zaidi huenda polepole. Kama mnunuzi wa tikitimaji sokoni Kitengela anavyoligonga ajue limeiva, mwanaastronomia husoma mawimbi hayo akajua ukubwa wa nyota, na hata umri wake, kwa kuwa hidrojeni inapoisha kiinini mawimbi nayo hubadilika.

Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilithibitisha hayo. Mwaka 2011 mitetemo ya nyota Kepler-10 ilisaidia kuonyesha kwamba sayari yake, yenye kipenyo cha takriban mara 1.4 ya Dunia, ni ya mawe. Mwaka 2015 nyota Kepler-444, yenye sayari tano ndogo kuliko Dunia, ilikadiriwa kuwa na miaka bilioni 11.2. Jua lina bilioni 4.6 tu. Kumbe sayari ndogo zilikuwepo tangu zama za mwanzo za ulimwengu!

Orkaria ni nyota nyekundu, ndogo na hafifu. Mitetemo ya aina yake ni dhaifu mno kwa vyombo vya leo. Kazi ya kuipima bado inasubiri watu.

Walimu wa fizikia wa Kajiado, takwimu za Kepler na za darubini ya TESS ziko wazi mtandaoni bila malipo. Wapeni wanafunzi wazichambue.