Maziwa Makuu Matatu na Kiu ya Dodoma

Wafadhili wetu hutuuliza mara kwa mara: nchi ya Tanzania inapakana na Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, inakuwaje bado inaomba matangi ya maji? Swali ni la haki. Ziwa Tanganyika peke yake lina kina cha mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani.

Lakini maziwa hayo yote yako mipakani. Dodoma iko katikati, mamia ya kilomita kutoka ziwa la karibu, na kusukuma maji umbali huo kunahitaji fedha za serikali, si za parokia.

Mvua nayo haikugawanywa sawa. Kaskazini na pwani hupata vuli na masika. Nyanda za kati zina msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, wa milimita 550 hivi kwa mwaka, wakati miteremko ya Rungwe hupata zaidi ya 2,000. Tena mvua hiyo huja kwa fujo: siku chache za kumwagika, maji yakakimbilia makorongoni, kisha jua kali mahindi yakiwa yanachanua. Wazee wa Ugogo walijua walichofanya waliposhikilia uwele na mtama.

Basi tuchimbe visima? Hapo tuwe waangalifu. Huko Makutupora, visima vinavyolisha mji wa Dodoma vimepimwa kwa zaidi ya miaka 50. Vipimo vinaonyesha kwamba maji ya ardhini hayajazwi na mvua ya kila mwaka, bali na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ya El Niño ya 1997/98. Katikati ya misimu hiyo kina hushuka. Kisima kinachojaa mwaka wa kwanza hakijathibitisha kitu. Kwingine, kama Singida, maji ya visima huwa na floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto.

Kwa hiyo tunaomba kamati zianze na bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kanisa la mita za mraba 100 hupokea lita 55,000 kwa msimu. Hata robo ikipotea, yanabaki madumu zaidi ya 2,000 ya lita 20. Pimeni paa kabla ya kuandika ombi, na mifereji yake isafishwe mwezi Novemba.