Faida ya Wawili, Hasara ya Mmoja

Katika Unguja na Pemba ya karne ya 19, mwenye shamba la mikarafuu aliyepungukiwa na fedha mara nyingi hakuandikiana na mtu mkopo wa riba. Aliuza. Alimuuzia shamba mfanyabiashara, aghalabu Mhindi wa mjini, kwa sharti kwamba akirudisha bei ileile ndani ya muda waliopatana, shamba litarudi kwake. Wakati huohuo hakuhama. Alibaki palepale akichuma karafuu zake kama mpangaji, na kumlipa mnunuzi kodi. Mauzo ya namna hii yalijulikana kama bei ya khiyari, neno lilelile lililotupatia “hiari”. Kila kipande cha mkataba kikitazamwa peke yake kilikuwa halali: mauzo, upangaji, hiari ya kukomboa. Vikiunganishwa, kodi ile ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Karafuu ikianguka bei, kodi haikuanguka nayo, na aliyeshindwa kukomboa alipoteza shamba. Madeni ya wenye mashamba, ya namna hii na ya namna nyingine, yalilimbikizana hadi mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiishie mikononi mwa wadai. Mvutano uliofuata kuhusu biashara ya karafuu ulizaa mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1937.

Bei ya khiyari imekufa, lakini umbo lake li hai. Leo serikali au kampuni inayotaka fedha bila riba inaweza kutoa sukuk ya ijara, yaani hati za uwekezaji zilizojengwa juu ya ukodishaji: inauza jengo au barabara kwa chombo maalumu kilichoundwa kwa kazi hiyo, inalikodi jengo hilohilo, inalipa kodi kwa miaka mitano au saba, kisha inalinunua tena kwa bei ileile. Mwaka 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani, aliyekuwa akiongoza bodi ya sharia ya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya hesabu na sharia kwa sekta ya fedha za Kiislamu, aliandika kwamba sukuk nyingi zilizokuwa sokoni hazikidhi masharti, kwa sababu mtoaji huahidi kuinunua mali kwa bei ya mwanzo hata kama thamani yake imeshuka. Mwekezaji kwenye sukuk ya namna hiyo anaitwa mshirika, lakini hasara haimfikii kamwe. Mwaka uliofuata AAOIFI ilizuia ahadi hiyo kwenye sukuk za ubia, ikairuhusu kwenye zile za ijara. Ni uamuzi wenye hoja zake za kifiqhi, na siyo kazi ya ukurasa wa biashara kuzihukumu. Kwa mtazamo wa uchumi, hata hivyo, lipo swali moja linalopima sekta hii kuliko majina yote ya Kiarabu yaliyoandikwa kwenye vipeperushi vyake: biashara ikiharibika, hasara inamwangukia nani?

Swali hilo lina uzito kwa kuwa ndilo lililoizaa sekta yenyewe. Wanazuoni wa uchumi wa Kiislamu wa karne ya 20 hawakudai tu kwamba riba ni haramu. Walidai pia kwamba ni mbovu kiuchumi, kwa sababu humpa mwenye fedha faida ya uhakika na kumwachia mwenye jasho bahati mbaya yote. Badala yake walipendekeza mudaraba, ambamo mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi, na musharaka, ambamo wote huchangia mtaji. Jaribio la mapema lililopata sifa lilifanyika Mit Ghamr, mji mdogo wa Misri, mwaka 1963, likiwalenga wakulima na mafundi wadogo. Kisha ikaja fedha ya mafuta. Mwaka 1975 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianza kazi Jeddah na Dubai Islamic Bank ikafungua milango, na kitovu kikahama kutoka kwa mkulima wa Mto Nile kwenda kwa mwenye dola wa Ghuba. Leo mali za sekta hii duniani zimevuka dola trilioni 3. Huku kwetu Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi Kenya mwaka 2008, Amana Bank ikafuata Tanzania mwaka 2011, na Uganda ikabadilisha sheria mwaka 2016 kabla ya kuipa leseni Salaam Bank mwaka 2023. Mapema mwaka 2025 Zanzibar nayo ilizindua sukuk ya serikali.

Lakini katika sehemu kubwa ya dunia benki hizi haziishi kwa mudaraba. Zinaishi kwa murabaha. Mwenye duka anataka jokofu la milioni 10. Benki inalinunua, inamuuzia kwa milioni 12, naye analipa kidogokidogo kwa miaka miwili. Mwenye kubeza atasema papo hapo kwamba hiyo ni riba iliyobadilishwa jina, na wapo Waislamu wengi wanaosema hivyo wakitoka msikitini. Tuhuma hiyo ni nyepesi mno. Milioni 12 hubaki milioni 12. Mteja akichelewa, deni halizai deni jingine, na faini ikitozwa hupelekwa kwenye sadaka badala ya kuingia kwenye faida ya benki. Lazima pawepo jokofu halisi ambalo kwa muda, hata kama ni mfupi, lilikuwa mali ya benki na hatari yake ilikuwa ya benki. Kwa mtu aliyewahi kuona mkopo wa milioni moja wa mtaani ukigeuka milioni tatu, kikomo hicho ni kitu kikubwa. Tatizo la murabaha ni jingine: jokofu likishakabidhiwa, duka likifilisika mwezi wa tatu, mteja anadaiwa sawasawa na aliyefanikiwa. Ni biashara halali ya kuuza kwa mkopo. Ushirika siyo. Na pale ambapo bidhaa yenyewe ni ya kupitishia fedha tu, inanunuliwa na kuuzwa siku hiyohiyo ili mteja aondoke na taslimu, hata baraza la kimataifa la fiqhi la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu lilikataa, mwaka 2009, utaratibu huo unaoitwa tawarruq ya kupangwa. Benki kadhaa duniani zinaendelea nao.

Wenye benki wana majibu mawili, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba fedha si zao. Mwenye amana, hata anayefungua akaunti inayoitwa ya mudaraba, anataka akija mwisho wa mwaka aikute na nyongeza juu. Ukimwambia mwaka huu tumegawana hasara, ataihamishia kwa jirani, na Benki Kuu itauliza kulikoni. Hilo ni kweli, na mtaji mwembamba wa benki changa hauvumilii majaribio. Lakini ni hoja dhidi ya kuweka ushirika ndani ya amana za kawaida tu. Haizuii kuuweka kwenye mifuko ya uwekezaji iliyo wazi kuhusu hatari zake, kwenye vyama vya ushirika wa akiba, au kwenye wakfu, ambao kwa asili yake hauna mwenye amana wa kukimbia.

La pili ni gumu zaidi: wateja hudanganya. Mfanyabiashara ana madaftari mawili, moja la mamlaka ya mapato na jingine lake, na benki inayogawana naye faida itaonyeshwa la kwanza. Hapa ndipo pwani yetu ina somo ambalo sekta imelipita bila kulitazama. Kwenye uvuvi wa mwambao hakuna anayekagua vitabu. Chombo kikirudi, gharama zinatolewa, kisha samaki au fedha yake hugawanywa kwa mafungu: la tajiri mwenye chombo, la nyavu, na ya nahodha na mabaharia. Siku ya kukosa, wote wamekosa. Mgao huu una dhuluma zake, na fungu la chombo likizidi mno ni dhuluma hasa, lakini umedumu kwa sababu kinachogawanywa ni mavuno yanayoonekana ufukweni. Faida ya kwenye karatasi mtu anaweza kuificha. Indonesia ilifika karibu na hapo kwa njia ya fatwa: mwaka 2000 baraza lake la kitaifa la sharia liliruhusu mgao ufanywe kwa kutazama mapato badala ya faida safi, na benki nyingi zikachagua njia hiyo. Katika miaka ya karibuni ushirika kwenye vitabu vya benki zake za Kiislamu umekaribiana na murabaha. Na sisi ambao muuza duka wetu anapokea malipo kwa simu tuna kipimo cha mauzo ambacho Jakarta ya mwaka 2000 haikuwa nacho.

Kilimo ni kigumu zaidi, wala nisidanganye kwamba jibu lipo tayari. Salam, mkataba ambao benki hulipa bei yote leo kwa mavuno ya kesho, haimwokoi mkulima na ukame. Shamba likikauka bado anadaiwa gunia au fedha. Lakini Sudan, iliyogeuza mfumo wake wa benki kufuata sharia katika miaka ya 1980, ilipoona wakulima wakikwepa kukabidhi mazao kila bei ilipopaa, iliingiza kifungu cha kuondoa ghubni, yaani kupunjwa: bei ya soko ikizidi ya mkataba kwa zaidi ya thuluthi, aliyeumia hufidiwa. Ni mfano wa sheria ya zamani ikikunjwa kumwelekea mnyonge. Kwa kawaida huwa tunaona inakunjwa upande wa pili.

Serikali nazo zimefanya sehemu rahisi. Murabaha ina mauzo mawili, na bila marekebisho kodi hutozwa mara mbili. Kenya ilianza kulishughulikia hilo kwenye Sheria ya Fedha ya 2017. Kilichobaki ni uwazi. Hakuna sababu benki isichapishe kila mwaka ni asilimia ngapi ya fedha ilizotoa ni ushirika na ngapi ni mauzo ya deni, na kwenye ushirika huo ni mara ngapi ilikubali hasara. Bodi ya sharia inayolipwa na benki inayoikagua haitoshi peke yake. Nawe msomaji, ukienda kufungua akaunti ya mudaraba, usiishie kuuliza kama ni halali. Mwambie karani akuonyeshe mwaka ambao benki ilipata hasara, na akueleze wewe na yeye mngegawana nini.