Vita Vilivyotangulia Habari Zake

Juzi tulikuwa tunageuza kahawa kwenye vichanja hapa Kigonsera, redio ikisema habari za vita vya mbali. Mjukuu wangu mdogo akasimama, viganja vimejaa kahawa. "Babu, vita hivyo vinaweza kufika huku?"

Nikamwambia: sogeeni wote, lakini mikono isisimame. Vita vya mbali vilishafika ziwani kwetu, tena vikatangulia habari zake.

Mnaijua Liuli, kule Nyasa, ukishateremka milima ya Umatengo na kuipita Mbamba Bay. Wajerumani waliiita Sphinxhaven, kwa sababu ya mwamba ulioko pale, ambao machoni mwao ulifanana na ile sanamu kubwa ya Misri, kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Wasafiri wa zamani walikuwa hivyo: mtu anaona mwamba wa Wanyasa, anakumbuka kitabu alichosoma kwao.

Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Siku tisa baadaye meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea Liuli, nahodha wake akiitwa Rhoades. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, akaruka ndani ya mashua ndogo na kumfuata Rhoades kwa hasira: ana wazimu, au amelewa? Wawili hao walikuwa marafiki, na Berndt hakuwa amesikia kwamba kuna vita. Akaambiwa palepale, akashikwa mateka.

Vitabu vingi vya Wazungu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi hunisikitisha. Urafiki wa miaka uliisha kwa neno lililotoka Ulaya, na huo ulikuwa mwanzo tu. Vita viliendelea katika nchi yetu na za jirani mpaka Novemba 1918, na mizigo yake haikubebwa na wale manahodha. Ilibebwa vichwani na wapagazi, mamia ya maelfu ya watu weusi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Mkienda Dar es Salaam mtafika Kariakoo. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambao walipiga kambi pale.

"Majina yao yameandikwa wapi, Babu?" akauliza yule dada yao mkubwa.

Wengi hawakuandikwa. Katika vitabu vya safari mpagazi huonekana pale tu anapotoroka au anapoangusha mzigo. Lakini wachache majina yao yalibaki, hata wa zamani kabla ya vita hivyo. Chuma, kijana wa Kiyao, alikuwa na msafiri Livingstone walipopanda na Ruvuma mwaka 1866 hadi ng'ambo ya kusini ya ziwa letu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, mwenzake Susi na wengine wakaubeba mwili wake kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, pamoja na daftari zake. Bila wao kitabu chake cha mwisho kisingekuwepo. Kila ninapokisikia kikisifiwa, nawakumbuka waliokibeba.

Mdogo hakuridhika. Alitaka kujua mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito gani.

"Kilo 25 hivi," nikasema, nikamwonyesha mfuko wa mbolea ukutani.

Akauweka kando ungo wake, akaukumbatia ule mfuko, akauinua mpaka magotini. Akautua. Kisha akauliza kutoka hapa mpaka Liuli ni mwendo wa siku ngapi kwa miguu.