Hadithi ya mnyonge ina mwenyewe

Watu wakiniuliza kazi yangu, nami nikawajibu kwamba mimi ni afisa wa mawasiliano katika mashirika ya misaada, wengi hucheka. Hudhani ni kazi ya kupiga picha za watoto wenye njaa na kuzipeleka Ulaya ili fedha zije. Wengine hunambia waziwazi kwamba nauza umasikini wa watu wa Pwani. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo nimeona niwaeleze wasomaji, hasa vijana wetu wanaotafuta kazi, jinsi kazi hii ilivyo, huingiwaje, na mpaka wake u wapi.

Kwanza, jambo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa ili kuwaamsha watu katika dini, elimu na mwenendo. Kutumia kalamu kwa faida ya umma ni urithi wetu. Kilichozidi ni kwamba leo mashirika huajiri watu kwa kazi hiyo na kuwalipa mshahara.

Mwengine wa kukumbukwa ni marehemu Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Picha zake za njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na dunia nzima ikashtuka. Tarehe 13 Julai 1985 likafanywa tamasha la Live Aid, London na Philadelphia, kukusanya fedha za kuwasaidia wenye njaa. Hapo ilidhihiri nguvu ya kazi hii. Walakini ilidhihiri pia hatari yake, kwani mashirika mengi yalishika desturi ya kumwonyesha Mwafrika kama mtu asiye na jina wala kauli, mwenye mbavu na nzi tu. Lawama zilizidi, hata mwaka 1989 mashirika ya Ulaya yakaandika mwongozo wa namna ya kuonyesha picha za watu wa nchi zetu.

Sisi Waislamu tuna sababu zaidi ya kulitazama jambo hili. Sura ya al-Baqara, aya ya 264, yatuonya tusiziharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Na aya ya 271 yatufunza kwamba kuidhihirisha sadaka ni vyema, bali kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Basi kazi yangu imesimama baina ya mambo mawili: kutangaza, ili wengine wavutike na mali ijulikane imekwenda wapi; na kusitiri, ili anayepewa asivunjiwe heshima.

Nitatoa mfano. Mwezi wa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana, nilitumwa na shirika moja, ambalo sitalitaja, kwenda vijiji vya kandokando ya mto. Katika kijiji kimoja nilimkuta mama aliyefiwa na mumewe majuma matatu nyuma, naye amekaa eda. Mwenzangu mpiga picha, kwa kuwa ni mwanamume, alibaki nje; mimi nikaingia. Mkubwa wetu alikuwa ameagiza kwa simu kwamba anataka uso wa mjane, na machozi yaonekane.

Nilimweleza mama safari yetu na huko picha itakakokwenda. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi niko katika eda. Sura yangu sitoi. Lakini andika kwamba mahindi yangu yamekwenda na maji, na mtumbwi wa marehemu umekwenda. Maji yakishuka, nataka mbegu."

"Nimesikia, mama," nikamwambia.

Niliyaandika hayo bila kutaja jina, na picha ikapigwa ya shamba lililofunikwa na maji. Ofisini niliambiwa kwamba habari ile haina mtu. Nikajibu kwamba mtu yumo, tena amesema mwenyewe anachotaka, na uso wake si mali yetu. Mkataba wangu ulipokwisha Desemba haukufanywa upya. Ukurasa ule ule niliwasomea wafanyabiashara kadhaa wa Mombasa. Hawakuuliza sura ya mtu. Waliuliza ni mbegu za namna gani, na ardhi itafaa kupandwa lini. Mbegu zilifika Januari.

Sasa hata sheria ya nchi iko upande wa mama yule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu aridhie habari zake kutumiwa, na akighairi aweza kuiondoa ridhaa yake; mtoto huridhiwa na mzazi au mlezi wake. Kwa hivyo mimi, kabla ya kutoa kalamu, hupita kwa mzee wa kijiji na imamu, nikaeleza shida yangu kwa lugha ya mahali pale, kisha nikamuuliza mwenyewe. Nikimaliza kuandika, humsomea aliyoyasema. Akisema "hapana, sivyo," nafuta.

Tena si kila habari ya msaada ni habari ya kilio. Huko Gazi, wilayani Kwale kama tulivyozoea kusema, kuna mradi wa Mikoko Pamoja wa kuuza hewa ya ukaa, ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni huhifadhi hekta 117 za mikoko, na fedha zinazopatikana hutumiwa kwa maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator. Habari kama hiyo ina hesabu, ina kazi ya mikono, na ina watu wanaosema wenyewe walichokifanya.

Kwa kijana anayetaka kuingia, cheti cha uandishi kitamsaidia, lakini hakitoshi. Ajue lugha: Kiswahili safi, Kiingereza cha kuandikia ripoti, na ikiwezekana Kidigo, Kigiriama au Kipokomo. Ajue kusoma bajeti, kwa kuwa asiyejua fedha zilivyotumika hawezi kueleza zilileta nini. Ajue kupiga picha na kurekodi sauti, ambayo leo hufanyika kwa simu ya mkononi. Na ajue kuandika andiko la kuomba fedha, maana hapo ndipo ofisi nyingi humpimia mtu.

Ajue vilevile kwamba riziki hii haina uthabiti. Mikataba yake huwa ya miezi, nayo hufuata wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafunga shughuli zake. Wengi katika nchi yetu walipoteza kazi kwa ghafla, nao hawakuwa wavivu wala wajinga. Mtegemea cha nduguye hufa masikini. Kwa sababu hiyo nawahimiza wenzangu wajifunze kuwasimulia wahisani wa hapa hapa: wenye kutoa zaka, wasimamizi wa wakfu, na wachangaji wa harambee. Hao nao wana haki ya kujua mali yao ilifanya nini.

Kijana asingoje kuajiriwa. Na aende kwa mweka hazina wa madrasa ya mtaani, au kwa chama cha akina mama, au kwa wavuvi wa bandari ndogo iliyo karibu naye. Aandike ukurasa mmoja tu: kiasi gani kilichangwa, kilinunua nini, na nani amefaidika, bila ya kumwaibisha mtu. Kisha ausome mbele ya wahusika wenyewe. Wakikubali kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa, auhifadhi katika faili, aende kuandika wa pili.