Dala: Neno Lililopanda Gari

Ukishuka basi la Dar es Salaam katika stendi ya Msamvu, Morogoro, utawasikia makonda wa daladala wakiita: "Mjini, mjini! Kihonda, Kihonda!" Wanaita waendako. Waliozipa gari hizi jina waliita nauli: "Dala, dala!" Yaani shilingi tano kwa kila abiria.

Dala ni neno la Kiingereza, lile lile lililotupa dola ya Marekani. Kiswahili kimelikopa mara mbili. Dola inafuata maandishi, nayo imebaki fedha ya kigeni. Dala inakaribia zaidi matamshi ya Wamarekani, nayo ikawa jina la mtaani la sarafu yetu ya shilingi tano. Ile dola ya "vyombo vya dola" haimo katika ukoo huu. Asili yake ni Kiarabu.

Waingereza nao walikopa. Katika milima ya Bohemia, Ucheki ya leo, kuna mji wa madini uliojulikana kwa Kijerumani kama Joachimsthal. Mnamo 1520 zilikuwa zikifuliwa huko sarafu kubwa za fedha zilizoitwa Joachimsthaler, na wafanyabiashara wakalikata jina likabaki thaler. Kwa kuwa thal ni bonde, dola kwa mzizi wake ni kitu cha bondeni. Mluguru wa hapa Morogoro, ambaye jina la kabila lake hufasiriwa kuwa mtu wa milimani, ana haki ya kutabasamu. Uholanzi neno likawa daler, Uingereza dollar, na Marekani ikalifanya jina la fedha yake kwa sheria ya 1792. Thaler yenyewe ilifika pwani yetu: ile yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780 ilitumika sana Zanzibar katika karne ya 19, ila Waswahili waliiita riale.

Kwa nini basi shilingi tano? Vijiweni utaambiwa kwamba siku hizo dola moja ilikuwa shilingi tano. Hesabu inakataa. Tangu pauni ya Uingereza iliposhushwa thamani mwaka 1949, dola moja ilikuwa kama shilingi 7 na senti 14, na bado ilikuwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, sarafu ya shilingi tano ilipotoka. Maelezo yanayoingia akilini zaidi yako Uingereza, ambako watu wa kawaida walikuwa na mazoea ya kuziita shilingi tano "dollar". Katika miaka ya 1940 mazoea hayo yalilingana na soko, maana dola ilikaribia shilingi tano kamili.

Gari za watu binafsi zilianza kubeba abiria kwa kujificha Dar es Salaam, mabasi ya umma yalipozidiwa. Serikali ikaziruhusu mwaka 1983. Mwito wa konda, uliorudiwa ili usikike, ukageuka neno moja, na jina la nauli likahamia kwenye gari. Kenya ilipita njia hiyo hiyo: matatu ilipata jina kwa nauli ya senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi.

Leo shilingi tano hainunui safari yoyote pale Msamvu, na neno halijatetereka, kwa sababu asili hueleza jina lilikotoka, na maana huamuliwa na matumizi. Kwa mtumiaji wa leo, daladala ni gari lenye njia maalumu, ambalo wasiojuana hupanda pamoja na kila mmoja hulipa nauli yake. Bodaboda inatoza nauli, lakini si daladala. Na Hiace ile ile ya Kihonda, ikikodiwa Jumamosi kuwapeleka maharusi Mzumbe, siku hiyo hakuna atakayesema amepanda daladala.